FREDERICK DOUGLASS: MTUMWA ALIYEFUNGIWA MLANGO WA SHULE

Katika toleo hili la kumbukumbu tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mbali sana na hapa tulipo. Hakuwahi kukaa darasani hata muhula mmoja. Alikatizwa masomo, shule yake ya kwanza ilivunjwa kwa fimbo, aliwekwa jela, alitoroka jimbo alilozaliwa kwa kutumia karatasi za mtu mwingine, na akabadili jina ili asikamatwe. Hata hivyo alipokufa alikuwa ameandika vitabu vitatu vya maisha yake, amehariri magazeti, na amekuwa balozi wa nchi yake. Jina lake ni Frederick Douglass.

Tumemchagua kwa ajili ya vijana wetu ambao masomo yao yalikatika njiani, waliorudia darasa, au waliokosa nafasi. Tumemchagua pia kwa ajili ya wazazi na walimu, kwa sababu katika maisha yake kuna somo lao ambalo mara nyingi husahaulika.

KUZALIWA NA UTOTO

Alizaliwa mwaka 1818 katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland, nchini Marekani. Jina alilopewa ni Frederick Augustus Washington Bailey. Mama yake, Harriet Bailey, alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya wakati ule mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa. Tarehe ya kuzaliwa hakuijua maisha yake yote. Kukosa kujua umri wake kulimuuma tangu utotoni, kwa kuwa aliwaona watoto wa kizungu wakitaja wao.

Alilelewa na bibi yake, Betsey Bailey. Mama yake alifanya kazi katika shamba jingine, umbali wa kilometa kama 20. Mara chache alitembea usiku baada ya kazi, akalala na mwanawe kidogo, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa amekwisha kurudi shambani. Alikufa Frederick angali mdogo, na mtoto hakuruhusiwa kwenda kumwuguza wala kumzika.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, bibi alimshika mkono wakatembea mpaka shamba kubwa la tajiri Lloyd. Huko bibi alimwacha acheze na watoto wengine, kisha akaondoka kimya kimya. Alikuwa ametumwa kumpeleka mtoto kazini na hakuwa na uwezo wa kukataa.

MASOMO YANAANZA NA KUKATIZWA

Mwaka 1826 Frederick alipelekwa mji wa bandari wa Baltimore, katika nyumba ya Hugh Auld na mkewe Sophia. Kazi yake ilikuwa kumtunza mtoto wao mdogo, Thomas. Sophia hakuwa amezoea kumiliki watumwa. Alimtazama mtoto yule kama mtoto. Frederick alipomsikia akisoma Biblia kwa sauti, alimwomba amfundishe, naye akakubali. Wakaanza herufi, kisha maneno mafupi ya herufi tatu na nne.

Sophia alifurahia maendeleo ya mwanafunzi wake, akamweleza mumewe. Hapo ndipo shule ilipofungwa. Hugh Auld alimkataza mkewe asiendelee hata siku moja. Alimwambia, mbele ya mtoto mwenyewe, kwamba kumfundisha mtumwa kusoma ni kinyume cha sheria na ni hatari. Mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa, wala hakuna atakayeweza kumzuia.

Ndugu msomaji, tusimame kidogo hapa. Kwa macho ya kawaida siku ile ilikuwa siku ya hasara. Mtoto alikuwa na mwalimu mmoja tu duniani, na mwalimu huyo akanyamazishwa. Sophia mwenyewe alibadilika. Baadaye alikuwa akimnyang'anya kijana gazeti kila alipomwona nalo. Lakini Frederick alikuwa amesikiliza vizuri. Alikuwa akijiuliza kwa muda mrefu ni nguvu gani inayomfanya mtu mmoja ammiliki mwingine. Sasa bwana mwenyewe alikuwa amemjibu bila kukusudia: nguvu hiyo inalindwa kwa kumnyima mtumwa elimu. Kama bwana anaogopa kusoma kiasi hicho, basi kusoma ndiko kunakofaa kutafutwa. Baadaye Douglass aliandika kwamba katika kujua kusoma alisaidiwa na upinzani wa bwana karibu sawa na alivyosaidiwa na wema wa bibi.

MKATE KWA HERUFI

Alitafuta walimu wengine, akawapata mtaani. Alipotumwa dukani alibeba kitabu cha kujifunzia, akafanya haraka shughuli aliyotumwa ili apate muda wa somo. Alibeba pia mkate. Katika nyumba ya Auld mkate haukukosekana, lakini watoto wengi maskini wa kizungu wa mtaa ule walikuwa na njaa. Aliwapa mkate, nao wakampa herufi. Alipoandika kitabu chake miaka mingi baadaye aliwakumbuka kwa shukrani, lakini hakuyataja majina yao, kwa kuwa kumfundisha mtumwa lilikuwa jambo la kumletea mtu matatizo.

Kuandika alijifunza kwenye karakana ya meli. Mafundi walipomaliza kuchonga ubao waliuandika herufi ya kuonyesha mahali utakapokaa: kushoto, kulia, mbele au nyuma ya meli. Frederick alizijua herufi hizo nne, akawa anawaambia watoto wa mtaani kwamba anaweza kuandika kama wao. Wao wakimbishia, walimwonyesha ufundi wao, naye akapata somo bila kulipa. Ubao wake ulikuwa ukuta, ua na barabara. Chaki yake ilikuwa kipande cha chokaa. Nyumbani, mtoto Thomas alipomaliza madaftari yake ya shule, Frederick alichukua yale yaliyokwisha na kuandika katika nafasi zilizobaki wazi, akiiga mwandiko wa mtoto yule mpaka ukafanana na wake.

KITABU CHA SENTI HAMSINI

Alipofikisha umri wa miaka kama 12 alikuwa amejikusanyia senti 50 kwa kung'arisha viatu. Alinunua kitabu kiitwacho The Columbian Orator, kilichotungwa na Caleb Bingham na kutolewa mwaka 1797 kwa ajili ya kuwafundisha vijana kusema mbele za watu.

Ndani yake mlikuwa na mazungumzo ya bwana na mtumwa. Mtumwa ametoroka na kukamatwa tena. Bwana anamlaumu kwa kukosa shukrani, kisha anampa ruhusa ya kujitetea. Mtumwa anajibu hoja moja baada ya nyingine kwa utulivu, na mwisho bwana anashindwa na kumwacha huru. Frederick aliyasoma tena na tena. Hapo alijifunza jinsi hadithi inavyogeuka. Mtumwa wa kitabuni amefungwa mwanzo wa mazungumzo, na hana silaha wala msaidizi. Kinachogeuza mambo ni lile neno la ruhusa ya kusema, pamoja na utayari wake wa kulitumia.

Tusidhani kwamba kusoma kulimletea furaha tupu. Kulimwonyesha hali yake lakini hakukumwonyesha mlango wa kutokea. Kuna siku aliwaonea wivu watumwa wenzake wasiojua kusoma, akaona elimu ni mzigo. Mwanafunzi anayejiona ameongezewa majonzi na masomo yake asidhani amepotea njia. Douglass alipita hapo hapo.

SHULE INAVUNJWA

Mwaka 1833 alirudishwa kijijini St. Michaels kwa bwana wake wa kisheria, Thomas Auld, ndugu yake Hugh. Kijana mmoja mzungu aliomba waanzishe shule ya Jumapili ya kuwafundisha watumwa kusoma Agano Jipya. Walipokutana mara ya pili tu, kundi la watu wa kanisa liliingia na fimbo na kuwatawanya. Thomas Auld alikuwa miongoni mwao. Shule ikafa siku hiyo.

Auld alimwona kijana yule amekuwa mkaidi. Tarehe 1 Januari 1834 alimkodisha kwa mwaka mmoja kwa mkulima Edward Covey, aliyejulikana kwa kuwavunja watumwa wenye vichwa vigumu. Kwa miezi sita ya kwanza Covey alimchapa karibu kila wiki na kumfanyisha kazi katika mvua, joto na baridi. Frederick anakiri kwamba alivunjika. Hamu ya kusoma ilimtoka. Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, alikaa chini ya mti kama mtu asiye macho wala usingizini, akitazama matanga ya meli za ghuba ya Chesapeake zikienda zitakako.

Mwezi Agosti 1834 alianguka shambani kwa joto na ugonjwa. Covey akampiga kichwani. Frederick alitoroka kwenda kumlalamikia Thomas Auld, akaambiwa arudi. Aliporudi na Covey akataka kumfunga kamba, kijana aliamua kujitetea. Walishikana karibu saa mbili. Covey aliita wengine wamsaidie, nao hawakumsaidia kitu. Mwisho akamwachia, na kwa miezi yote iliyobaki hakumgusa tena.

Katika kitabu chake, Douglass anamwonyesha msomaji waziwazi kwamba hapa ndipo hadithi yake ilipogeuka. Kabla ya kuisimulia siku hiyo anatangaza kwamba tumeona jinsi mtu alivyofanywa mtumwa, na sasa tutaona jinsi mtumwa alivyokuwa mtu. La kuzingatia ni hili: baada ya siku ile alikuwa bado mtumwa. Alibaki utumwani miaka minne zaidi. Kilichobadilika kilikuwa ndani yake. Hofu ilitoka, na nia ya kuishi kama mtu ikarudi. Hatusimulii haya ili vijana wapende ngumi. Tunasimulia ili waone kwamba mgeuko wa hadithi unaweza kutokea huku mambo ya nje yakiwa vile vile.

SHULE YA PILI

Mwaka 1835 alikodishwa kwa William Freeland. Huko alifanya jambo ambalo aliyefungiwa mlango mara mbili angeweza kuliogopa. Alianzisha shule tena. Alianza na vijana wawili wa shamba lile, ndugu Henry na John Harris. Vitabu vichache vya herufi vilipatikana. Habari ikaenea, wakaja watumwa wa mashamba ya jirani. Walikutana Jumapili katika nyumba ya mtu mweusi huru, ambaye jina lake Douglass alilificha ili asimponze. Wakati mmoja wanafunzi walizidi 40, wengi wao watu wazima. Kila aliyekuja alijua kwamba akikamatwa atachapwa viboko. Mwalimu wao alikuwa kijana wa miaka 17 ambaye yeye mwenyewe hakuwa na cheti chochote.

Mwaka 1836 alipanga na wenzake kutoroka. Aliwaandikia barua za ruhusa ya kusafiri, akitumia mwandiko alioupata katika madaftari ya mtoto Thomas. Mtu mmoja akatoa siri. Walipokamatwa, Frederick aliitupa barua yake motoni, na Henry aliila yake pamoja na mkate wake. Walifungwa jela ya Easton. Frederick alitegemea kuuzwa kusini mwa nchi, mahali ambapo watumwa wachache walirudi. Badala yake Thomas Auld alimrudisha Baltimore akajifunze ufundi. Alifundishwa kazi ya kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao za meli ili maji yasiingie.

KUTOROKA NA JINA JIPYA

Tarehe 3 Septemba 1838 alipanda treni Baltimore akiwa amevaa kama baharia. Mfukoni alikuwa na karatasi za baharia mmoja mweusi huru, aliyemwazima. Maelezo ya karatasi zile hayakufanana naye. Msimamizi wa treni aliangalia juu juu, akapita. Chini ya saa 24 baadaye alikuwa New York. Aliyemwezesha kusafiri ni mchumba wake Anna Murray, mwanamke huru aliyekuwa mtumishi wa nyumbani na aliyetoa akiba yake. Walioana New York siku chache baadaye, kisha wakaenda New Bedford katika jimbo la Massachusetts. Huko alichukua jina la Douglass ili wanaomtafuta wasimpate. Ufundi wake wa kalafati haukumsaidia, kwa kuwa mafundi wazungu walikataa kufanya kazi pamoja naye. Akapasua kuni, akapakia makaa, akafanya kibarua chochote.

Mwezi Agosti 1841 alisimama katika mkutano wa wapinga utumwa kisiwani Nantucket akasimulia maisha yake huku akitetemeka. Tangu hapo aliajiriwa kuzunguka akihutubia. Alisema vizuri mno hata baadhi ya wasikilizaji wakasema hajawahi kuwa mtumwa. Kwa hiyo mwaka 1845 aliandika kitabu akitaja majina ya mabwana, mashamba na mahali. Kilinunuliwa kwa maelfu. Lakini sasa wenyewe walijua alipo. Ilimbidi akimbilie Ireland na Uingereza karibu miaka miwili, mpaka rafiki zake wa huko walipochanga fedha na kumnunua uhuru mwaka 1846, kwa pauni 150.

Jambo moja la ajabu katika kitabu kile cha kwanza ni kwamba hakueleza jinsi alivyotoroka. Msomaji anayengoja habari ya treni hapati kitu. Douglass alinyamaza ili wengine waendelee kuitumia njia ile na waliomsaidia wasidhurike. Aliieleza kwa ukamilifu katika kitabu chake cha tatu, mwaka 1881, utumwa ulipokuwa umekwisha kufutwa miaka 16. Hata hivyo kitabu cha kwanza hakikupungukiwa. Herufi, mkate, shule iliyovunjwa na siku ya Covey vilitosha kueleza jinsi mtu yule alivyopatikana.

MLANGO WAFUNGWA KWA BINTI YAKE

Aliporudi Marekani alihamia Rochester, jimbo la New York, na mwezi Desemba 1847 akaanzisha gazeti la North Star. Mwaka 1848 alimpeleka binti yake Rosetta, mwenye miaka tisa, katika shule ya wasichana ya kulipia. Baba aligundua kwamba mtoto alikuwa akifundishwa peke yake chumbani, mbali na wenzake, kwa sababu ya rangi yake. Alipolalamika, mkuu wa shule aliwauliza wanafunzi, nao wakasema wanamtaka akae nao. Mzazi mmoja alikataa, na mtoto akaondolewa.

Baba huyu alikuwa amejifunza zamani la kufanya mlango unapofungwa. Aliandika gazetini barua ya wazi kwa mzazi yule, akamtafutia binti masomo mahali pengine, na akaendelea kupigania shule za mji ule zisibague. Zilifunguliwa kwa watoto wote mwaka 1857. Rosetta alipokua naye akawa mwalimu.

MIAKA YA MWISHO

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861, Douglass alidai watu weusi waruhusiwe kupigana. Mwaka 1863 alihamasisha vijana wajiunge na jeshi, na wanawe Lewis na Charles walijiunga. Mwaka huo huo alimwona Rais Lincoln kudai askari weusi watendewe haki. Utumwa ulifutwa kwa katiba Desemba 1865.

Mwaka 1877 alirudi St. Michaels kumwona Thomas Auld, aliyekuwa mzee mgonjwa kitandani. Walizungumza kwa amani. Kati ya mambo aliyomwuliza ni mwaka wa kuzaliwa kwake. Tangu 1889 hadi 1891 aliiwakilisha Marekani nchini Haiti. Alikufa nyumbani kwake Washington tarehe 20 Februari 1895, jioni ya siku aliyotoka kuhudhuria mkutano wa haki za wanawake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kwa wanafunzi. Mnaposoma hadithi darasani na mwalimu akawauliza inageuka wapi, msikimbilie tukio lenye kelele nyingi. Ulizeni mhusika alikuwa akifanya nini jana, na baada ya tukio alianza kufanya nini ambacho hakukifanya jana. Maneno ya Hugh Auld yalisikika siku moja tu. Yangebaki kuwa katazo kama kijana asingebeba mkate mfukoni kesho yake. Basi yule aliyeanguka mtihani au aliyeacha masomo njiani kwa sababu ya kukimbia asiseme hadithi yake imekwisha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ajiulize kesho atabeba nini.

Pili, kwa wazazi na viongozi. Si kila aliyefungiwa mlango alipata njia nyingine. Watoto wengi wa mashamba yale, wenye akili kama yake, walikufa bila kujua herufi moja. Douglass hakufika peke yake. Kulikuwa na watoto wenye njaa waliojua kusoma, mwenye nyumba aliyefungua mlango Jumapili, baharia aliyeazima karatasi, na Anna aliyetoa akiba. Wengi wao majina hatuyajui. Tukimwambia kijana ajitahidi na kisha tukamwacha, tumemsimulia nusu ya maisha haya.

Tatu, kwa yeyote anayejua kidogo. Mwalimu wa wale watu 40 alikuwa kijana aliyejifunza ukutani. Hapa kambini wako vijana waliofika darasa la sita, la nane au zaidi na sasa wanakaa bure. Jirani yao yuko mtoto asiyejua kusoma, au mama anayetaka kuandika jina lake. Jumapili moja, kivuli cha mti, kipande cha mkaa na ubao vinatosha kuanza.